Aliyebaki Kwenye Michai

Sisi ni wanawake watatu wa Busan. Tulijuana tukiwa wasichana wa kiwanda cha viatu, tukipaka soli gundi kwenye meza moja ndefu. Hwaja alikaa kushoto, mimi Deoksun kulia, na Bunrye katikati yetu. Kiwanda kilifungwa zamani, lakini mpangilio ule haukubadilika. Hwaja alikwenda kuwa mkuu wa jiko la shule, akapata sauti ya kuamrisha masufuria. Mimi niliuza vifungo na zipu sokoni hadi macho yakanigomea. Bunrye aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, akahamia kwa mwanawe Seongho kulea wajukuu, na siku zote aliendelea kukaa katikati.

Ukimuuliza Bunrye ale nini, atakwambia chochote. Ukimuuliza twende wapi, popote. Mumewe alipokufa, Seongho alimuuliza baba azikwe au achomwe, akajibu, "Mtakavyoona nyinyi." Mimi na Hwaja tulimpenda kwa hilo, kila mmoja kwa upande wake. Tukigombana, na tuligombana kila wiki, yeye ndiye aliyebeba maneno ya huyu kumpelekea yule, na njiani aliyatoa miiba.

Mwaka ule akiba ya chama chetu kidogo ilitosha kutupandisha meli ya starehe, ile inayotoka Busan na kuzunguka visiwa. Tulipewa chumba kimoja chenye vitanda vitatu. Asubuhi ya kwanza meli ilitia nanga Jeju, kusini, na abiria wakaambiwa wachague matembezi ya siku nzima. Kulikuwa na mabasi ya kwenda kwenye mashamba ya chai juu mlimani, na mabasi ya kwenda pwani ya mashariki, kijiji cha wanawake wapiga mbizi.

"Mimi nakwenda kwenye chai," Hwaja alisema tulipokuwa tukila. "Nimenusa samaki maisha yangu yote. Leo nataka kunusa majani."

"Na mimi nakwenda kwa wapiga mbizi," nikasema. "Kuja Jeju ukanywe chai ni sawa na kwenda harusini ukaombe maji."

"Nenda tu. Ukawaone vikongwe wenzako wakizamia."

"Vikongwe hao wanashuka mpaka chini kwa pumzi moja. Wewe jana ngazi za ghorofa ya pili zilikutoa ulimi."

"Zilinitoa kwa sababu nilibeba mkoba wako. Haya, Bunrye atafuatana na mimi."

"Nani kasema? Bunrye, utakwenda wapi?"

Bunrye alikuwa akimenya yai. "Popote," akasema.

"Hakuna basi lililoandikwa Popote," Hwaja akamwambia.

"Basi mtakapokwenda nyinyi."

"Mwenzetu, hujasikia? Sisi hatuendi pamoja. Mimi milimani, huyu baharini. Chagua."

Aliliweka yai. Alimtazama Hwaja, akanitazama mimi. Hwaja akamshika mkono wa kushoto, akasema chai ni dawa ya presha. Mimi nikamshika wa kulia, nikasema Hwaja hajauona ule mlima ulivyo mkali. Ulianza kama mzaha. Lakini Hwaja alivuta, nami nikavuta, na hakuna aliyekuwa akicheka tena. Watu wa meza ya pili waliacha kutafuna wakatutazama.

"Mtanipasua," Bunrye alisema, kwa sauti ndogo sana.

Tulimwachia. Vidole vyetu vilikuwa vimeacha alama kwenye ngozi yake.

"Nakwenda kuchukua kofia," akasema. "Nitawakuta chini."

Mimi na Hwaja tulishuka kwa ngazi mbalimbali kama watu wasiojuana. Mabasi yalikuwa yamepangwa gatini, la chai hapa, la pwani pale, yakitazamana. Nilipanda langu, nikakaa, nikaweka mkoba kwenye kiti cha pembeni ili mtu asikichukue. Moyo ulinidunda kama wa msichana anayesubiri posa. Ni aibu kwa mtu wa umri wangu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Bunrye akapanda. Alikuwa amevaa kofia yake ya mkeka. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Sogea," akasema. "Nataka dirishani."

Nikasogea. Nilifurahi hata sikulishangaa lile neno. Nikainua shingo nimtafute Hwaja nimwoneshe nani ameshinda. Jua lilikuwa linapiga vioo vya basi lao, nikaona kidevu chake tu, kimeinuka juu, na nusu ya tabasamu. Nikajiambia, angalia anavyojikaza, maskini, hataki nione kwamba ameumia.

Tukaondoka. Nilimwonesha mashamba ya machungwa na kuta za mawe meusi, nikamsengenya Hwaja kidogo, kwa desturi. Kwa kawaida angesema, "Usimseme hivyo, Deoksun, miguu inamsumbua." Safari hii alitazama nje tu. Nilipomgusa mkono ulikuwa baridi, nikafunga tundu la kiyoyozi lililokuwa juu yake.

Kijijini upepo ulikuwa ule wa Jeju, unaotaka kukuvua nguo. Sote tulishika kofia zetu kwa mikono miwili. Yeye hakuishika yake. Ilikaa kichwani imetulia, kama mtu aliyekaa ndani ya nyumba. Hilo niliona, lakini nililiacha lipite, maana wanawake wapiga mbizi walikuwa tayari majini.

Walikuwa wanane au tisa, wote watu wazima kuliko mimi, wamevaa nguo nyeusi za mpira. Wanazama, maji yanafunga juu yao, unakaa unangoja mpaka wewe mwenyewe unabanwa na kifua. Kisha kichwa kinaibuka na ile pumzi inatoka kwa mluzi mrefu, mwembamba, kama filimbi ya mtoto. Kila mmoja ana wake. Watalii walipiga picha. Bunrye alivua viatu, akaingia majini hadi magotini, kwenye mawimbi, akasimama.

"Toka huko," nikamwita. "Utaugua."

"Napenda hapa," akasema, bila kugeuka.

Baadaye waliweka vitu vyao juu ya mwamba: pweza, kome, na jongoo bahari waliokatwakatwa wabichi, pamoja na bakuli la pilipili. Mzee mmoja kati yao, uso umekunjamana kama gome, ndiye aliyekuwa akikata. Bunrye akachuchumaa mbele yake.

"Nataka hicho," akasema, akimnyoshea kidole jongoo bahari.

Sasa lazima nikwambie kwamba tangu kiwandani Bunrye hakuwahi kutia kinywani kitu kinachoteleza. Hata bamia ya supu aliisukuma pembeni. Alichukua kipande kwa vijiti, akakichovya, akakitafuna taratibu, kinalia mdomoni. Akachukua cha pili.

"Wewe huli hivi," nikasema.

"Hamkuwahi kuniuliza."

"Bunrye, tumekuuliza miaka yote. Kila tukikaa mezani."

"Mliniuliza mkiwa mmeshaagiza."

Aliendelea kula, macho baharini. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi, "Nikirudi, nahama kwa Seongho. Nitatafuta chumba kimoja. Dirisha litazame bahari."

"Na wajukuu?"

"Wana mama yao."

"Utakaa peke yako? Wewe?"

"Nitaanza kukaa," akasema. "Sijawahi kukaa."

Yule mzee alimwongezea sahani, lakini hakumpa mkononi. Aliiweka juu ya mwamba, akaisukuma mbele kwa chuma chake cha kubandulia kome, kama mtu anayempa chakula mbwa asiyemjua. Kisha akainuka, akanivuta upande.

"Mdogo wangu," akaniambia, "yule umekuja naye?"

"Ni rafiki yangu tangu ujana."

"Mgonjwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

Alikuwa akijipangusa kisu kwenye paja. "Sisi huko majini hatuonani. Tunajuana kwa pumzi tu, mtu anapoibuka. Masikio yakishazoea hayaachi tena, hata jikoni kwangu nasikia nani anavuta vipi. Wewe una mafua. Yule mwenye kamera ana pumu. Rafiki yako simsikii."

"Upepo mkali, dada."

"Ndiyo," akasema, kama unavyomkubalia mtoto. "Upepo. Usimwite jina lake hapa karibu na maji. Ondokeni naye mapema."

Nikamtazama Bunrye pale mwambani. Alikuwa anakula, mgongo umenyooka, ule mgongo ambao kwa miaka yote niliujua umeinama kidogo mbele, kama wa mtu anayesikiliza. Nilijiambia ni hewa ya bahari. Nilijiambia vikongwe wa visiwani hupenda kutisha watu. Lakini sikumwita jina, na basi lilipopiga honi nilikuwa wa kwanza kupanda.

Kurudi alikaa dirishani akiimba puani wimbo nisioujua. Gatini alishuka kabla yangu, akatembea haraka kuielekea ngazi ya meli, asinisubiri. Pale ndipo nilipomwita. Hakugeuka. Niliona kofia ikipita kati ya watu, kisha sikuiona tena.

Nilipofika chumbani, mlango ulikuwa wazi. Hwaja alisimama katikati ya chumba, bado amevaa koti la safari, lina matope magotini. Midomo ilikuwa imepoteza rangi. Alikuwa anatazama kitanda cha Bunrye, na Bunrye alikuwa amelala humo, amejifunika hadi kidevuni, kofia yake iko juu ya kabati palepale alipoiweka jana usiku.

"Amefika saa hizihizi akalala?" nikauliza. "Amenikimbia huyo, huwezi kuamini. Siku nzima nimekuwa naye na hata kunisubiri hataki."

Hwaja akanigeukia polepole. "Siku nzima umekuwa na nani?"

"Na Bunrye. Kwa wapiga mbizi."

"Deoksun, usinichezee leo. Nakuomba."

Akakaa kitandani kwake, akaanza kunieleza, na sauti ile ya masufuria haikuwepo.

Bunrye alipanda basi lake. Alikaa kando yake. Alimbebea mkoba, akamfungulia chupa ya maji, akamwambia, "Usimkasirikie Deoksun, ni mpweke tu yule." Kule mlimani walitembea kati ya mistari ya michai, naye alikuwa mpole kuliko siku zote, mpole mpaka Hwaja akamcheka, kwa sababu kila bega lake lilipogusa mchai aliuomba mchai samahani. Kiongozi wa msafara, msichana mwenye kofia ya njano, alimpa biskuti. Kisha ukungu ukashuka kutoka mlimani.

"Akaniambia, tangulia Hwaja, nisikucheleweshe, nakuja. Nikatangulia. Nikafika kwenye basi, nikangoja. Watu wote wakarudi. Tukaita. Dereva akapiga honi mpaka watu wa dukani wakatoka. Mimi nimeingia kwenye matope kwa magoti, Deoksun, nikitazama chini ya mashina, kama mtu aliyepoteza pete. Yule msichana akapiga simu melini. Wakamjibu, abiria huyo hajatoka leo. Kadi yake haijapita mlangoni tangu tulipofika."

"Yule msichana akasemaje?"

"Akanitazama kama bibi aliyechanganyikiwa. Kisha akakumbuka biskuti. Njia nzima ya kurudi hakusema neno kwenye kipaza sauti."

Tulikuwa tunanong'ona. Kitandani Bunrye akafungua macho.

"Mbona mmenisimamia kama walinzi?" akasema.

"Umetoka leo?" Hwaja akamuuliza.

"Kwenda wapi? Nilikuja kuchukua kofia. Nikakaa kidogo nichague. Nikawaza, nikawaza, kichwa kikawa kizito. Nadhani nimelala." Akajinyoosha, mifupa ikalia. Akaketi, mgongo umenyooka. "Njaa inaniuma. Mnadhani humu melini kuna jongoo bahari?"

Hwaja aliteleza kutoka kitandani akakaa sakafuni.

Siku zilizobaki za safari hatukulijadili. Utalijadilije? Kila mmoja alikuwa na wake aliyemwona, na wa tatu alikuwa mbele yetu anakula. Na yule aliyekuwa anakula alisema nataka hiki, sitaki kile. Alimrudishia mhudumu supu mara mbili. Hakusema tena chochote wala popote.

Wiki ya pili baada ya kurudi Busan alimwambia Seongho kwamba anahama. Alipata chumba Yeongdo, juu kwenye kilima, dirisha linatazama meli zinazongoja. Nilimsaidia kubeba vyombo, na nikamwonea fahari, nisiseme uongo. Nani asingefurahi? Mtu aliyeinama maisha yake yote ameinuka. Hwaja pia alisema, "Pengine ndivyo alivyotakiwa kuwa, na sisi ndio tulimkalia."

Lakini kulikuwa na mambo. Dada yake Hwaja alifariki mwezi wa saba. Bunrye wa zamani angekaa msibani siku zote tatu, akiosha vyombo vya watu. Huyu alikuja, akainama mbele ya picha ya marehemu, akala bakuli lake, akasema, "Nimechoka," akaenda. Siku nyingine nilikuwa kwake, Seongho akamleta Minjae, mjukuu mdogo, aliyekuwa akilala mgongoni mwa Bunrye tangu ana miezi mitatu. Mtoto alimkimbilia, akajikwaa kizingitini, akaanguka, akalia. Bunrye alimtazama jinsi mtu anavyotazama bomba linalovuja katika nyumba isiyo yake. Ni mimi niliyemwinua. Yule mtoto aliacha kulia, akamwangalia bibi yake kwa muda mrefu, kisha akaniambia sikioni, "Bibi yuko wapi?"

Nikampigia Hwaja jioni ileile. Kesho yake tulikwenda wote wawili, tukakaa sakafuni kwa Bunrye, tukamwambia kila kitu: basi langu, basi la Hwaja, mlima, wapiga mbizi. Alitusikiliza huku anamenya pea, ganda linatoka refu bila kukatika.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?" Hwaja akauliza.

"Kwamba yule wa mlimani alitoka. Nilisikia usingizini. Kama jino linapong'oka, lile lililokuwa linatikisika siku nyingi. Unabaki na tundu, ulimi unakwenda hapo siku mbili tatu, halafu unasahau."

"Na yule aliyekuja na mimi baharini?" nikauliza.

"Huyo mimi. Huyo alirudi."

Hwaja alikuwa analia bila sauti. "Basi twende tukamchukue mwenzake."

"Wa nini?" Bunrye aligawa pea vipande vitatu, akajiwekea kikubwa. "Mlimpenda kwa sababu hakujua kusema hapana. Mwacheni hukohuko. Kuna hewa nzuri."

Hatukumwacha. Mwezi wa kumi mimi na Hwaja tulipanda ndege kwenda Jeju, tukakodi teksi mpaka kwenye lile shamba. Mchana ulikuwa mweupe kwa ukungu. Mama mmoja aliyekuwa akipogoa michai kwa mashine alipoona tunapanda kuelekea mistari ya juu, aliizima mashine.

"Huko hatufanyi kazi hewa ikiwa hivi," akatuambia.

"Kuna nini?" Hwaja akauliza.

Alisita. "Mtu anapita. Sauti ya mwanamke. Ukiwa kwenye njia nyembamba anakuomba samahani, anakupisha. Unageuka kumshukuru, hakuna."

"Anatisha?"

"Ana adabu mno," yule mama akasema. "Ndiyo maana anatisha."

Tulipanda. Mimi na Hwaja tulishikana mikono, jambo ambalo hatukulifanya hata tukiwa wasichana. Michai ilikuwa inatiririka maji. Huku na huku hatukuona zaidi ya hatua chache. Tulikwenda mpaka viatu vikajaa matope, hatukusikia kitu ila pumzi zetu wenyewe, na Hwaja akaanza kusema turudi, pengine sisi ndio wendawazimu.

"Samahani," mtu akasema.

Ilikuwa karibu kabisa, kwenye usawa wa bega langu. Majani upande wangu yaliinama, yakaminywa, kama mtu anajibana akupishe. Nilisikia harufu ya sabuni anayofulia Bunrye, ile ya kipande, ya kijani.

Nilitaka kusema njoo. Nilitaka kusema, mama yangu, twende nyumbani, Minjae anakulilia. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Hwaja alinibana vidole, nikalimeza.

"Bunrye," akasema, na ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Ni sisi. Hatukuja kukuvuta. Tumekuja kukwambia nenda unakotaka wewe. Ukitaka kukaa hapa, kaa. Ukitaka kwenda kwingine, nenda. Hakuna anayekungojea kwenye basi."

Maji yalidondoka. Kisha, mbali kidogo kuliko mwanzo, sauti ikasema, "Sijui."

"Basi kaa mpaka ujue," Hwaja akasema.

Akanivuta, tukashuka. Sikugeuka nyuma, naye hakugeuka. Kwenye teksi alijikunyata ndani ya koti lililolowa, na dereva akaongeza joto bila kuuliza.

Zilipita siku nyingi. Nilianza kuvuna kabichi za majira ya baridi kwenye kibustani changu, nikaacha kuruka kila simu inapolia. Halafu alasiri moja Bunrye akanipigia. Alisema neno moja tu, "Njoo," na lilikuwa limevunjika katikati.

Nilimkuta amesimama mbele ya jiko. Sufuria ilikuwa imekauka, chini kumeungua, chumba kimejaa moshi. Ameshika kijiko cha chumvi mkononi. Nilizima moto, nikafungua dirisha. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, na mgongo ulikuwa umeinama kidogo mbele.

"Nimesimama hapa tangu asubuhi," akasema. "Sijui nitie chumvi au nisitie."

"Nini kimetokea?"

"Mlango uligongwa. Nikafungua. Hakuna mtu. Nikataka kufunga, mtu akasema samahani, akapita hapa." Aligusa ubavu wake wa kushoto. "Alipita taratibu, Deoksun. Kama anaogopa kuniamsha."

Nilimkalisha chini. Alinishika mkono, akaniuliza miguu ya Hwaja inaendeleaje, na kama nilikula mchana. Mimi nikaanza kulia, yeye akanifuta. Kisha ghafla akauondoa mkono wake, akasema, "Basi, inatosha. Nenda nyumbani, nataka kulala." Macho yalikuwa makavu. Nikaenda.

Na hivyo ndivyo anavyoishi mpaka leo. Chumba bado ni chake, na dirisha lake. Jumamosi Minjae huletwa kwake, analala mgongoni mwake kama zamani, isipokuwa siku zile anapotazama usoni mwa bibi yake kwanza na kukataa kuingia. Hatumlazimishi. Seongho anadhani ni utu uzima, amempeleka kupigwa picha za kichwa, madaktari hawakuona kitu.

Sisi tunakutana kila mwezi, kwenye mkahawa wa samaki ulio chini ya kilima chake. Mwenye mkahawa anakuja kutuuliza tutakula nini. Mimi na Hwaja tunatangulia kunyamaza. Bunrye anainamisha kichwa kidogo, vijiti viko hewani, anasikiliza, na midomo yake inacheza bila sauti, upande mmoja kisha mwingine. Mara nyingine inachukua muda mrefu, ile supu ndogo inayotangulizwa inapoa, na watu wa meza nyingine wanaanza kutazama. Hatumharakishi. Hwaja hufunika bakuli la Bunrye kwa sahani ili lisipoe, kisha tunakaa, tunangoja kusikia ni yupi atakayejibu.